Kundi Lenye Kumbukumbu

Mada ya jioni hii ni msaada ambao wagonjwa wa saratani na ndugu wanaowauguza hupeana wenyewe kwa wenyewe kwa njia ya simu. Mazungumzo juu ya jambo hili kwa kawaida huanzia na kuishia kwenye faraja: mgonjwa yuko mpweke, anapata wenzake, moyo unatulia. Siipuuzi faraja hiyo. Hata hivyo tukiyapima makundi haya kwa faraja peke yake tutakuwa tumeyapunja, tena tutashindwa kueleza kwa nini baadhi yake huokoa watu na mengine huwapoteza. Hoja yangu ni kwamba kundi la wagonjwa ni mahali pa elimu, elimu ambayo daktari hodari hana kwa sababu haipatikani ila kwa kuugua au kuuguza. Na usalama wa elimu hiyo hautegemei kama inapita kwenye simu, barua pepe au chini ya mwembe. Unategemea kama kundi lina kumbukumbu, yaani kama wamo watu wanaodumu, wanaofahamiana, wanaokumbuka lililosemwa mwaka jana na walioona lilimfikisha wapi aliyelifuata.

Wazo lenyewe ni kongwe kuliko intaneti. Mwaka 1952, huko Marekani, Terese Lasser aliondolewa titi kwa sababu ya saratani, akajikuta hana maelezo ya kutosha kuhusu mazoezi ya mkono, mavazi, wala titi la bandia. Akaanza kuwatembelea wodini wanawake waliofanyiwa upasuaji huo huo. Wapo madaktari wa wakati ule ambao hawakufurahia mtu asiye na taaluma kuingia katika eneo lao, lakini mwaka 1969 Chama cha Saratani cha Marekani kiliichukua kazi yake, iliyokuwa ikijulikana kama Reach to Recovery, ikawa sehemu ya huduma zake. Intaneti ilipofika, waliotangulia kuitumia kwa jambo hili hawakuwa wagonjwa peke yao. Mwaka 1995 mke wa Gilles Frydman, mkazi wa New York, aligunduliwa kuwa na saratani ya titi. Mumewe akajiunga na orodha ya barua pepe ya wagonjwa, na aliyojifunza humo yakamfanya ayatazame upya matibabu waliyokuwa wameelekezwa. Ndipo akaanzisha ACOR, mwavuli wa orodha nyingi za barua pepe, kila moja ikishughulika na aina yake ya saratani. Miaka michache baadaye, mwaka 2000, wagonjwa wa GIST, uvimbe adimu wa saratani unaoota kwenye kuta za tumbo na utumbo, walianza kuandikiana wakiwa ndani ya majaribio ya dawa iitwayo imatinib. Walilinganisha madhara ya dawa, wakaweka kumbukumbu za nani anatumia kiasi gani na kwa muda gani, na katika kuandikiana huko likazaliwa Life Raft Group, chama ambacho mpaka leo hukusanya takwimu za ugonjwa huo. Hawa walikuwa wanatafuta maarifa. Faraja iliwafuata.

Sasa tuitazame hali yetu. Makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani kwa mwaka 2020 yaliipa Tanzania wagonjwa wapya takriban 40,000 na vifo karibu 27,000. Kwa Kenya, makadirio ya mwaka 2022 yalikuwa wagonjwa wapya zaidi ya 44,000 na vifo zaidi ya 29,000. Ni karibu vifo viwili kwa kila wagonjwa wapya watatu, uwiano unaotokana kwa sehemu kubwa na watu kufika hospitali ugonjwa ukiwa umeshakomaa. Kwa miaka mingi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ilikuwa mahali pekee Tanzania pa kupata mionzi, na nchini Kenya mzigo huo katika hospitali za umma ulibebwa na Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Vituo vimeongezeka, lakini safari bado ni ndefu. Mwanamke wa Kigoma mwenye saratani ya mlango wa kizazi hupangiwa mionzi ya takriban wiki tano, siku tano kwa wiki, katika mji ambao huenda hajawahi kuukanyaga. Kabla ya kupanda basi anahitaji kujua atalala wapi, nani atabaki na watoto, kadi ya bima italipa nini na nini atakitoa mfukoni, na ngozi na choo vitakuwaje ifikapo wiki ya tatu. Yupo mtu anayeyajua majibu yote hayo: mwanamke wa Tabora aliyemaliza mionzi mwezi uliopita.

Katika elimu hiyo kuna mambo ya uhai na kifo, na hapa ningependa tukae kidogo. Chukueni mfano wa homa. Mgonjwa aliyetundikiwa dripu za kemo siku kumi zilizopita akipanda joto hadi nyuzi 38, hiyo si homa ya kutulizwa kwa panadol nyumbani. Chembe nyeupe za damu zimeshuka, kinga haipo, na maambukizi yanaweza kumuua ndani ya saa chache. Muuguzi aliwaeleza hayo siku ya kwanza. Aliwaeleza pamoja na mambo mengine ishirini, na aliyekuwa akielezwa ni mtu ambaye ndiyo kwanza amesikia jina la ugonjwa wake. Masikio yalikuwa wazi, akili ilikuwa mbali. Saa tano usiku, wiki mbili baadaye, kliniki imefungwa na karatasi ya maelekezo haionekani. Anayekumbuka ni yule aliyewahi kulazwa kwa jambo hilo hilo, na jibu lake kundini ni fupi: usisubiri asubuhi, nenda sasa, na ukifika waambie mapokezi kwamba uko kwenye kemo ili usipangwe foleni na wenye malaria. Sehemu ya mwisho ya jibu hilo ni ya mtu aliyewahi kusubiri kwenye foleni hiyo.

Pingamizi la kwanza ni la uongo, na ni zito. Simu zile zile zinazobeba jibu la homa hubeba pia majani ya mstafeli, magadi, maji ya alkali, na onyo kwamba uvimbe ukichukuliwa kipimo saratani itasambaa. Madhara yake yamepimwa. Utafiti wa Johnson na wenzake uliochapishwa Marekani mwaka 2018 uliwafuatilia wagonjwa wenye saratani ambayo bado ilikuwa inatibika. Waliochagua tiba mbadala badala ya tiba ya hospitali walikabiliwa na hatari ya kufa mara mbili na nusu ya wenzao. Je, hatuwarushi wagonjwa wetu kwenye mto wenye mamba tunapowaambia waingie kundini?

Kuna tafiti mbili zinazostahili kuwekwa pamoja. Wa kwanza ni wa Esquivel na wenzake, uliotoka katika jarida la BMJ mwaka 2006. Walisoma jumbe 4,600 ambazo watu wa orodha moja ya barua pepe ya saratani ya titi walitumiana miezi ya mwanzo ya 2005. Zilizokuwa na uongo au upotoshaji zilikuwa 10, yaani asilimia 0.22. Katika hizo 10, saba zilisahihishwa na wanakundi wenyewe, kwa wastani wa saa nne na dakika 33. Utafiti wa pili ni wa Johnson yule yule na wenzake, miaka kumi na mitano hivi baadaye. Walizichukua makala 200 zilizopendwa na kusambazwa zaidi katika mitandao ya kijamii kuhusu saratani nne, ya titi, tezi dume, utumbo mpana na mapafu, wakazikabidhi kwa mabingwa wazisome. Asilimia 32.5 zilikuwa na habari za uongo, na asilimia 30.5 zilikuwa na mambo ya kudhuru. Sizilinganishi asilimia hizi moja kwa moja, maana mmoja ulihesabu jumbe za mazungumzo na mwingine makala zilizovuma. Ninalolilinganisha ni mpangilio. Tafiti zote mbili zilihusu intaneti na ugonjwa mmoja, basi tofauti haiwezi kuwa intaneti. Katika orodha ile, anayesema anajulikana, atakuwepo kesho, na wanaomsikiliza wana ugonjwa alio nao. Akisema uongo, yupo aliyeujaribu uongo huo akaumia. Makala inayosambazwa haina wa kuiuliza. Inapita, inapendwa, inatumwa mbele, na aliyedhurika nayo harudi kuiandikia chini yake.

Anayedhani uongo wa namna hii umeletwa na simu janja akumbuke Loliondo. Mwaka 2011, WhatsApp ikiwa bado haijaenea kwetu, maelfu kwa maelfu ya watu kutoka Tanzania, Kenya na kwingineko walifunga safari hadi kijiji cha Samunge kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, kwa shilingi 500. Misururu ya magari ilikuwa ya kilomita nyingi, na wagonjwa waliondolewa wodini ili wapelekwe. Sina neno la kumdhihaki mtu aliyepanda gari lile, kwa sababu aliyekata tamaa hufuata njia yoyote anayoonyeshwa. Kilichokosekana ni mahali ambapo waliokunywa mwezi Machi wangewasimulia waliokuwa wakifunga mizigo mwezi Mei hali zao zimekuwaje. Habari za kwenda zilienea nchi nzima, na habari za kurudi zikabaki kila moja nyumbani kwake.

Ikiwa hoja ni kumbukumbu, basi ni lazima tuyachunguze makundi tuliyo nayo kwa jicho hilo, na mengi hayatafaulu. WhatsApp, ambayo ndiyo baraza la wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki, haikutengenezwa kwa kazi hii. Kwa kawaida mgeni anayeingizwa leo haoni yaliyosemwa jana, hivyo swali la nywele kunyonyoka linaulizwa kila wiki, na wale wanaojua huchoka, wakanyamaza. Kundi linaweza kufika watu 1,024, na kabla halijafika hapo watu wameshaacha kufahamiana. Jumbe za kutumwa mbele huja bila mwenyewe. Pia kuna jambo linalotokana na malezi yetu: mzee mwenye heshima akituma dawa ya mizizi, vijana wanaojua kwamba dawa hiyo ilimharibu mtu figo hushindwa kumkosoa hadharani, wakaandika “asante mzee”. Katika orodha ile ya BMJ kosa lilisahihishwa kwa saa chache kwa sababu kusahihishana ilikuwa desturi ya kundi. Kwetu desturi hiyo haitajileta yenyewe. Inabidi iwekwe kama kanuni tangu mlangoni. Na kanuni inayofaa ni nyepesi kuitamka: sema lililokupata wewe, na usimwandikie mwenzako dawa. Mzee bado anaweza kueleza alichokunywa. Anayefuata naye ana ruhusa ile ile ya kueleza kilichompata, bila kumvunjia mtu heshima, kwa sababu hakuna aliyemwambia mwenzake kwamba amekosea. Majibu mazuri yatunzwe, msimamizi awe nayo tayari, yakiwemo ya sauti kwa wasiosoma kwa wepesi, na mgeni apewe siku anayoingia.

Pingamizi la pili ni la wanasayansi: je, makundi haya yanarefusha maisha? Mwaka 1989 Spiegel na wenzake walichapisha katika The Lancet utafiti wa wanawake 86 wenye saratani ya titi iliyosambaa. Waliokutana kila wiki katika kundi la tiba ya kisaikolojia waliishi kwa wastani wa miezi 36.6, na ambao hawakuwekwa kundini miezi 18.9. Habari hiyo ilizunguka dunia. Mwaka 2001 Goodwin na wenzake walirudia jambo lile kwa wanawake 235 huko Kanada, na urefu wa maisha haukutofautiana. Walichokiona ni kwamba wanawake wa kundini waliona maumivu yao yamepungua na mioyo yao imetulia, hasa wale waliokuwa wameelemewa zaidi mwanzoni. Kwa upande wa makundi ya intaneti ushahidi ni mwembamba zaidi. Jaribio moja la Denmark lililochapishwa mwaka 2010, ambapo wagonjwa waligawanywa kwa bahati nasibu, halikuonyesha faida ya kudumu kwa waliowekwa kwenye makundi hayo. Nayakubali matokeo haya yote. Anayewaahidi wagonjwa kwamba kundi litawaongezea miaka anawadanganya. Lakini majaribio ya namna hii hupima huzuni, wasiwasi na idadi ya miezi, ilhali hoja yangu ni ya kujua: kujua homa ni hatari, kujua fomu ya rufaa inasainiwa wapi, kujua kwamba dawa ya kuzuia kutapika ipo na inaombwa. Tena mtu aliyeingizwa kundini kwa bahati nasibu hafanani na aliyelitafuta kwa sababu ana swali. Ninachojifunza kutoka Denmark ni kwamba kundi halifai kuandikwa kwenye karatasi ya dawa kwa kila mgonjwa. Wapo ambao kusoma maumivu ya wengine kila asubuhi kunawazidishia yao. Kuingia kuwe kwa hiari, na kutoka kusiwe aibu. Angalau katika jambo hili WhatsApp imesaidia, kwa kuwa tangu 2022 taarifa ya anayetoka hupelekwa kwa wasimamizi tu.

Nafika kwa wanaouguza, ambao katika mipango mingi hutajwa mwishoni na kwa sentensi moja. Hospitali zetu zinawategemea kuliko zinavyokiri. Binti, mke, mama au shemeji ndiye anayeogesha, anayelisha, anayekimbia duka la dawa, anayelala sakafuni chini ya kitanda. Mwaka 2007 Braun na wenzake, huko Kanada, walichapisha utafiti wa wagonjwa 101 wa saratani zilizokomaa na wenzi wao wa ndoa waliokuwa wakiwauguza. Dalili kubwa za sonona zilikuwa kwa asilimia 23 ya wagonjwa, na kwa asilimia 38.9 ya wenzi wao. Mwenye afya ndiye aliyekuwa ameelemewa zaidi. Kwetu linaongezeka jambo la siri: ndugu hukubaliana na daktari kwamba mama asiambiwe, kisha binti mmoja akabaki na siri hiyo miezi minane, akitabasamu kitandani na kulia jikoni. Swali lake hawezi kumwuliza mgonjwa, wala wajomba walioamua, wala majirani. Kundi la pamoja nalo halimfai. Kundini kukiwa na mgonjwa mwenye ugonjwa wa mama yake, hawezi kuuliza siku za mwisho zinafananaje, morfini inapoanza kumfunga mama choo afanye nini, au kidonda cha titi kilichooza kinaondolewaje harufu ili watoto wasimkimbie bibi yao. Maswali haya yana majibu. Wahudumu wa tiba shufaa wanafundisha, kwa mfano, kwamba vidonge vya metronidazole vikisagwa na kunyunyizwa kidondani hupunguza harufu. Aliyekwisha kufanya hivyo nyumbani ataeleza pia cha kusagia, kitambaa gani hakigandi, na maneno ya kumwambia mgonjwa wakati unamfunga. Kwa hiyo wauguzaji wa nyumbani wawe na chumba chao. Naliona hili kuwa la lazima. Na wakifiwa wasiondolewe siku ya pili, kwa sababu aliyeuguza hadi mwisho ndiye mwenye kumbukumbu ambayo kundi linaihitaji kuliko zote, akiwa tayari kubaki.

Wapo watakaosema kwamba sisi ni watu wa ukoo, na kwamba makundi ya namna hii ni dawa ya upweke wa Ulaya. Ukoo ni nguvu, na bila ukoo nauli ya Dar es Salaam isingechangwa. Lakini ukoo haujaugua. Mgonjwa anayezungukwa na ndugu kumi anaweza kukosa mmoja wa kumwambia kwamba anaogopa, kwa kuwa kila mmoja anaogopa zaidi yake na yeye ndiye anayewabembeleza. Anaweza pia kuwa na sababu za kuficha: mchumba, ajira, maneno ya kurogwa. Hapo ndipo linapokuja suala la faragha, ambalo sisi hulichukulia kwa wepesi mno. Katika WhatsApp, kwa kawaida, namba ya kila mtu iko wazi kwa kila mwanakundi, na picha ya skrini inaweza kufika kijijini kabla ya mwenyewe. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na zote mbili zinazihesabu habari za afya kuwa nyeti. Hospitali inayomwongeza mgonjwa kundini bila kumwomba ruhusa imekosea kisheria kabla hata ya kukosea kiutu. Kuhusu wasio na simu janja wala bando, sina jibu la teknolojia: hao wapate aliyepitia, ana kwa ana, siku ya kliniki, kama alivyofanya Lasser wodini.

Yote haya yanaielekeza hospitali kwenye wajibu ambao mpaka sasa imewaachia wenye moyo. Nasema wajibu, bila kumaanisha umiliki. Kundi likigeuzwa ubao wa matangazo ambamo wasimamizi peke yao ndio wanaoandika, elimu ya waliopitia hunyamazishwa na kilichobaki ni kipeperushi. Inatosha hospitali itenge muuguzi mmoja, saa zake zikiwa zimeandikwa kwenye ratiba yake ya kazi na kulipwa, asome, asahihishe linalohatarisha maisha, na alipeleke kliniki swali ambalo kundi haliwezi kulijibu. Mgonjwa aambiwe siku ya kwanza kwamba kundi lipo, aulizwe tena mwezi wa pili, na anayemwuguza aulizwe peke yake. Wasimamizi wawe watatu: mgonjwa, muuguzaji wa nyumbani, na mtu wa tatu mwenye afya, aliyepona zamani au muuguzi yule wa hospitali. Makundi yenye msimamizi mmoja ambaye naye ni mgonjwa hukwama siku anapofariki: namba yake inabaki juu ya orodha, na hakuna mwenye uwezo wa kumwingiza mgonjwa mpya anayebisha hodi.